Uso wa Atlee Gazetini

Salt Creek, Ohio
9 Novemba 1993

Mdogo wangu Elmina,

Baridi imeingia. Jana asubuhi maji ya ng'ombe yaliganda juu, Atlee akayavunja kwa shoka ndipo tukakamua. Mama yuko vilevile kwenye nyumba yake ndogo hapo uani. Anakula, analala, na mara nyingi ananiita kwa jina lako. Namwitikia. Sina nguvu ya kumsahihisha.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nimempakata mtoto. Unaomba kuja na kamera kupiga picha za maisha yetu ya kila siku kwa ajili ya gazeti lako. Nilimuuliza Atlee, akasema, "Aje. Mashati yangu kambani hayana cha kuficha, labda viraka." Basi njoo. Masharti unayajua tangu utoto. Mikono sawa, migongo sawa, farasi, kamba ya nguo, mitungi ya kuhifadhia pichi. Uso hapana. Wala asisimame mtu makusudi ili umpige picha. Ukimnasa mtu kwa bahati mbaya, kosa ni lako. Akisimama makusudi, kosa ni lake, na atalijibu mbele ya kanisa kama kiburi.

Huku tuna jambo jingine. Mhubiri Noa tulimzika mwezi uliopita. Askofu Ura ametangaza kwamba mwezi wa nne, baada ya Meza ya Bwana, atachaguliwa mwingine kwa kura. Tangu siku hiyo wanawake tukikutana kushona mablanketi, hakuna anayeongelea mablanketi. Jina la Atlee linatajwa. Juzi Fannie, jirani yetu, alinicheka: "Saloma, anza kuzoea kitanda kipana. Mume wa watu wote huyo."

Wewe unamkumbuka Baba alipokuwa mzee. Mimi namkumbuka kabla kura haijamwangukia na kumfanya mhubiri, akiimba kwenye banda. Baadaye kila mazishi yakawa yake, kila mke na mume waliogombana wakaja kukaa jikoni kwetu, bila mshahara, mpaka siku alipokufa. Na nyuma yake alikuwepo Mama akikamua, na mimi nikikamua. Sasa nina watoto wanane, na Mama mwenyewe. Elmina, sitaweza tena. Sijamwambia mtu, hata Atlee. Mtu akiogopa kura anaonekana anampangia Mungu kazi.

Vaa viatu vya maana ukija. Uani ni matope.

Dada yako,
Saloma


Cleveland
20 Novemba 1993

Dada Saloma,

Asante, na mwambie Shemeji viraka vyake navitamani kuliko mashati yenyewe.

Nimeshapanga katika shajara yangu: Jumatatu kamba ya nguo, Jumanne kupiga pasi, Jumatano fundi wa hatamu, Alhamisi kuchinja nguruwe kama baridi itakuwa imekaza, Ijumaa kuoka. Unajua mimi bila mpango napotea hata chumbani kwangu. Mhariri wangu hajaridhika. "Kurasa nzima za migongo?" ananiambia. "Wasomaji watadhani tumewaudhi hao watu." Anataka uso mmoja tu, wa ukurasa wa mbele wa toleo la Jumapili. Nimemwambia hatapata.

Kuhusu kura, nilitaka kukuuliza kama Shemeji hawezi kukataa, halafu nikajikumbusha. Kila mwanamume anapobatizwa anaahidi kwamba ikimwangukia ataipokea. Niliondoka kabla sijabatizwa, lakini masikio sikuyaacha huko. Pole, dada. Ningekuwa karibu ningekukamulia.

Nakuja wiki ya mwisho ya Januari. Nitalala kwa Mama, tuone ataniita nani.

Elmina


Cleveland
3 Februari 1994

Dada Saloma,

Nimefika salama. Mikono yangu bado inanuka moshi wa nyama, na ofisini wananikwepa. Asante kwa kitanda, kwa mkate, na kwa kuwaambia watoto wasinikimbie.

Picha zimetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Suruali zile zilizoganda kambani, nyeusi tupu juu ya theluji, zimesimama kama watu waliosahau kuvaa vichwa. Mikono yako kwenye unga. Mama kwa nyuma, dirishani, akimenya tufaha bila kukata ganda.

Ila kuna moja lazima nikueleze. Ijumaa jioni nilikuwa napiga picha ya mlango wa banda kwa ajili ya mwanga. Shemeji alitoka na ndoo. Nilibonyeza mara moja, nikadhani amepita. Leo nimeisafisha. Hakupita, dada. Amesimama katikati ya mlango, ndoo mkono mmoja na kofia mkono mwingine, ananitazama moja kwa moja. Ni uso mzima, mpaka mikunjo ya machoni. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na kwa sababu hiyo naiogopa. Sijamwonyesha mtu. Sema neno tu, nitaichoma pamoja na filamu yake.

Elmina


Salt Creek
10 Februari 1994

Mdogo wangu Elmina,

Usiichome. Ichapishe hiyo.

Ulisema mhariri wako anataka uso mmoja. Basi mpe. Atlee hana neno, usijisumbue kumwandikia. Kofia aliivua kwa joto tu, ametoka kubeba maji. Chapisha mapema, kabla ya mwezi wa tatu kwisha, kama wanaweza.

Jana tulishona kwa Fannie. Walimtaja Atlee tena, kwa kumsifia. "Hana makuu," wakasema. "Hajawahi kuonekana mahali asipotakiwa." Nilichoma kidole kwa sindano, nikatoka nje kukiosha, nikakaa huko mpaka vidole vikafa ganzi.

Mama amekohoa wiki nzima. Watoto wawili wana mafua. Nimechoka, siandiki zaidi.

Saloma


Cleveland
16 Februari 1994

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Miaka yote hii nimekuja kwenu kama mgeni wa mlango wa nyuma. Nakaa mezani, nakula, ila kazi yangu haitajwi, kama mtu mwenye ugonjwa wa aibu. Na sasa wewe, mkali kuliko wote, unaniambia nichapishe. Nililia nikiwa kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Hapo ni pazuri kulilia, hakuna anayeruhusiwa kufungua mlango.

Lakini una hakika? Hawatamsumbua Shemeji? Ukinyamaza nitajua una hakika. Itatoka Jumapili ya tarehe sita Machi, ukurasa wa mbele, bila jina lake wala la mahali.

Asante kwa kunifungulia dirisha.

Elmina


Salt Creek
15 Machi 1994

Elmina,

Gazeti lilitufikia Jumatatu kwa dereva wa lori la maziwa. Alilishika juu kama bendera. "Atlee, umekuwa mwigizaji wa filamu, na maziwa yatapanda bei?" Atlee alilitazama, akamrudishia, akasema maziwa yatabaki palepale.

Alhamisi akaja Askofu Ura na shemasi. Nilikuwa nakosha vyombo, sikuambiwa nitoke. Ura aliliweka gazeti mezani, limekunjwa, picha chini.

"Atlee, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Yule binti alikuvizia?"

Nikaacha kusugua sufuria. Aseme ndiyo, nikawaza, aseme tu ndiyo.

"Hapana," Atlee akasema.

"Ulijua ana kamera?"

"Alikuwa nayo usoni, Ura. Ningekuwa kipofu."

Shemasi alikohoa kuficha kicheko. Ura hakucheka. "Na kofia?"

"Niliivua."

"Kwa nini?"

"Ili nionekane."

 Kisha Ura akasema, kwa upole kabisa, kwamba hilo si la kumalizia jikoni. Tarehe ishirini na saba Atlee atapiga magoti mbele ya washirika wote.

Nakuandikia ukweli kwa sababu sina nguvu ya kubeba na uongo. Sikukufungulia dirisha. Nilitaka wasimpigie kura. Nilitaka picha ya bahati mbaya, aibu ndogo, minong'ono ya wiki chache, na watu wapeleke majina yao kwingine. Kama angesema ulimvizia, ingeishia hapo. Badala yake amejitwisha kosa ambalo si lake. Nadhani anakukinga wewe. Au amenishtukia, na anayekingwa ni mimi. Hasemi. Tunakamua, tunakula, tunalala, hasemi.

Saloma


Cleveland
19 Machi 1994

Saloma,

Nilidhani umenipa zawadi. Kumbe mimi nilikuwa chambo kwenye mtego wako, na nilikushukuru kwa machozi.

Nitakuja Jumamosi. Nitamwambia askofu nilijificha nyuma ya tangi la maji, nikampiga Atlee picha bila yeye kujua. Mimi si mshirika wenu, hawana cha kunifanya.

Elmina


Salt Creek
30 Machi 1994

Shemeji Elmina,

Salamu kutoka kwa mwigizaji wa filamu.

Saloma aliniambia ulitaka kuja kumweleza askofu. Umefanya vema kutokuja Jumamosi, nimesikia theluji ilifunga barabara. Hata ungekuja, ningekurudisha kituoni. Ungewaambia uongo kwa ajili yangu, na hapo mimi ningekuwa na makosa mawili.

Limekwisha. Nilipiga magoti Jumapili, Ura akanipa mkono, akaniinua. Kwa kawaida yetu jambo likishafika hapo hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena, si kwa ubaya wala kwa mzaha. Nakutajia wewe kwa kuwa hukuwepo.

Tafadhali usimwandikie Saloma kwa ukali. Nilikuta barua yako chini ya mfuko wa unga, sikuisoma, ila niliiona sura yake baada ya yeye kuisoma. Hakuna kosa lako wala lake katika kusimama kwangu pale mlangoni. Nilichokiri kilikuwa kweli. Kilikuwa kweli kuliko walivyosikia.

Kazi yako ni nzuri. Watoto wanasema ng'ombe aliye nyuma yangu ametoka mzuri zaidi, na sibishi.

Atlee Raber


Salt Creek
26 Aprili 1994

Mdogo wangu Elmina,

Nimepata barua zako mbili fupi sikuzijibu. Nilikuwa nasubiri nipite hapa. Nimepita, ila si kwa upande niliotaka.

Jumapili tulikutana kwa Fannie, banda lote limefagiliwa na mabenchi yamepangwa. Meza ya Bwana ilichukua siku nzima. Jioni askofu na wahubiri wageni wakaingia chumba cha ndani, wakaacha mlango wazi kidogo. Unakumbuka inavyokwenda. Tunapita mmojammoja, wanaume kwanza kisha wanawake, na kila mtu ananong'ona jina kwenye ule ufa. Nilinong'ona jina. Halikuwa la Atlee, na mwenye jina hilo ana mke aliyechoka kama mimi. Mungu anisamehe.

Wanaotajwa na watu watatu au zaidi ndio wanaoingia kwenye kura. Ura alitoka na kusoma majina matano. La Atlee alilisoma la kwanza, maana lilitajwa kuliko yote.

Vitabu vitano vya nyimbo vilikuwa mezani, vimefungwa kwa bendi za mpira, vinafanana. Katika kimoja kuna kikaratasi chenye andiko, na atakayekipata ndiye mhubiri. Wanaume walikaa kwenye benchi la mbele, wakachukua mmojammoja. Atlee alichukua cha tatu, akakiweka gotini, akakifunika kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyeshika ndege. Ura akaanza kufungua. Cha kwanza hakuna. Cha pili hakuna. Alipofika kwa Atlee nilijua kabla hajasema, kwa sababu Ura alikifungua, kisha akamtazama yeye.

Watu wakalia. Hulia kila mara, hata wale ambao vitabu vyao vilikuwa vitupu, wao hulia kwa nafuu. Wanawake wakanizunguka na kunishika mikono, kama nimefiwa. Bibi Lizzie, ambaye hasikii vizuri na hivyo husema kwa sauti, aliniinamia. "Binti yangu, nilikuwa na jina jingine tangu Krismasi," akasema. "Lakini nilimwona pale chini kwenye magoti. Kasema 'nilifanya kwa makusudi,' bila 'lakini', bila 'ila'. Nikasema moyoni, huyu ndiye anizike."

Nikatazama nyuso nyingine, zote zinaitikia kwa kichwa.

Unaona nilichofanya, Elmina. Angeweza kutajwa na watu wawili tu, au asitajwe kabisa. Mimi nilimtafutia magoti yale, na magoti yale yakampa kura.

Kura imepigwa na Mungu, wanasema. Labda. Lakini mlangoni pa chumba kile nilikuwepo na mimi.

Saloma


Cleveland
4 Mei 1994

Dada,

Sijui huko mnasema hongera au pole. Mimi nasema pole.

Hasira imeniisha. Nilijaribu kuitunza, haikukaa. Usiku wa Jumapili niliisoma barua yako kwenye ngazi za nje na nikamkumbuka Baba akirudi kutoka kwenye mazishi, akikaa na koti lake mvua ikimchuruzika, na Mama akimvua viatu. Nilidhani ni mapenzi. Ni wewe uliyenifundisha kwamba ilikuwa zamu ya kazi.

Mhariri anataka kurasa nyingine za majira ya joto. Nimemwambia nitafikiri. Je, umemwambia Shemeji kwamba ni wewe uliyeniambia niichapishe?

Elmina


Salt Creek
28 Juni 1994

Mdogo wangu Elmina,

Joto limekaza na nzi wamejaa. Mama amekuwa mwepesi kama kuku, nambeba mwenyewe.

Atlee alihubiri mara ya kwanza wiki mbili zilizopita. Hakuna karatasi, hakuna kitabu, unasimama tu. Alianza vizuri, kisha akakwama. Alisimama muda mrefu akitazama sakafu, watoto wakaanza kunitazama mimi. Halafu akasema, "Ndugu, nimefika mwisho wa ninachojua," akakaa. Ura akaendelea. Nyumbani hakula.

Kesho yake asubuhi, tukiwa bandani, nilishindwa kuvumilia. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake, tumepeana migongo.

"Atlee, ile picha ni mimi niliyemwambia Elmina aichapishe," nikasema. "Yeye alitaka kuichoma."

Maziwa yakaendelea kuingia ndooni. "Kwa nini?"

"Ili wasikutaje."

Maziwa yakakoma. Nikadhani anatoka. Badala yake nikasikia kichwa chake kimeegemea ubavu wa ng'ombe.

"Na mimi nilisimama kwa sababu hiyohiyo," akasema.

Niligeuka. Hakugeuka.

"Nilitoka na ndoo nikamwona pale, nikawaza, mlango ndio huu. Mwenye uso gazetini hawamtaji. Sikujua kama ataichapisha. Nilikuwa naomba aichapishe. Ndiyo maana walipouliza sikuweza kusema alinivizia. Nilipopiga magoti niliwaambia nilifanya kwa makusudi. Hakuna aliyeuliza makusudi gani."

"Ungeniambia."

"Wewe ni binti wa mhubiri. Nilijua utanikataza."

"Nisingekukataza, Atlee."

"Sasa najua."

Tukaanza kucheka. Elmina, sijacheka hivyo tangu nilipokuwa msichana. Tulicheka mpaka ng'ombe wangu akapiga ndoo teke na maziwa yakamwagika yote, na tukacheka na hilo. Wawili tumelala kitanda kimoja majira yote ya baridi, kila mmoja anachimba shimo lake kimyakimya, kumbe ni shimo moja.

Alipofuta machozi aliuliza, "Unadhani hili nalo lipelekwe mbele ya kanisa?"

"Wewe ndiye mhubiri," nikamwambia.

Hapo kicheko kikamtoka usoni kama taa iliyoishiwa mafuta.  Kisha tukasikia magurudumu uani. Alikuwa kijana wa akina Yutzy: baba yake amefariki alfajiri, mama yake anamwomba Atlee aje. Hakumwomba Ura, alimwomba yeye. Atlee akaosha mikono, akavaa koti jeusi juu ya shati la kazi, akapanda gari lao la farasi. Nikavuta kigoda changu upande wake nikamalizia ng'ombe wake. Ndivyo ilivyo karibu kila asubuhi sasa.

Anatafuta maneno akiwa shambani, nami namsikia akiyarudia nyuma ya farasi. Hajaimba tangu mwezi wa nne. Sijui kama ataimba.

Kwa hiyo mwambie mhariri wako hapana, na kwangu uje. Mwezi wa saba maharage mabichi yanaiva yote kwa pamoja, mitungi imekaa mitupu, na upande wa pili wa beseni hakuna mtu. Kamera iache Cleveland. Njoo na mikono.

Dada yako,
Saloma